Nina Uwezekano Gani wa Kupata Chuo? Hesabu ya Udahili kwa Mhitimu wa Kidato cha Sita

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Tunduma, Vwawa, Mlowo na Itumba, mkoani Songwe: kwa matokeo haya, kijana atapata chuo anachokitaka? Majibu huja haraka. Mmoja husema kwamba mwenye daraja la kwanza hakosi. Mwingine husema kwamba Muhimbili hawachukui watu wa pointi hizo. Wote wawili wanazungumzia jambo linalopimika, lakini hakuna aliyelipima. Makala hii inaeleza namna ya kulipima. Hesabu zake hazizidi kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kinachohitajika zaidi ni subira ya kujua kila namba imetoka wapi na inasema nini.

Uwezekano ni nini

Uwezekano ni namba inayoonyesha tunalitarajia tukio fulani kwa kiasi gani. Namba hiyo haishuki chini ya 0 wala haivuki 1. Tukio lisiloweza kutokea lina uwezekano wa 0, na tukio ambalo halina budi kutokea lina uwezekano wa 1. Ukirusha sarafu ya shilingi 100, uwezekano wa kuangukia upande wenye picha ya Mwalimu Nyerere ni 1 kugawanya kwa 2, yaani 0.5, kwa sababu pande ni mbili na hakuna unaopendelewa.

Sasa tuseme sarafu imekwisha kuanguka, lakini imefunikwa kwa kiganja. Jibu tayari lipo, halitabadilika. Hata hivyo, kwa mtu ambaye hajaona, uwezekano bado ni 0.5. Kwa aliyechungulia, ni 0 au 1. Hapa tunajifunza jambo la msingi: uwezekano hupima kile tunachokijua kuhusu tukio, na taarifa mpya ikiingia, namba hubadilika. Mwombaji wa chuo yuko katika hali hiyo. Alama zake zimekwisha kutoka na anazijua. Asichokijua ni alama za wale watakaoomba nafasi ileile. Kazi yetu, basi, ni kupunguza kutojua huko kadiri inavyowezekana.

Kwa nini kugawanya nafasi kwa waombaji hakutoshi

Watu wengi huanza kwa kuuliza: nafasi ni ngapi, na waombaji ni wangapi? Tuchukue namba za mfano, zilizochaguliwa kwa ajili ya hesabu tu. Programu moja ya udaktari wa binadamu ina nafasi 200, na walioomba ni 3,000. Tukigawanya 200 kwa 3,000 tunapata takriban 0.067, yaani karibu watu 7 katika kila 100.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa swali moja tu: kama tungemchagua mwombaji yeyote kwa kura, bila kujua lolote kumhusu, uwezekano wa kuwa ni miongoni mwa waliopata ungekuwa 0.067. Lakini udahili haufanywi kwa kura, na mwombaji anajua mengi kuhusu hali yake. Mkazi wa Tunduma anaweza kuona tofauti hiyo kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Ikiwa foleni ina malori 600 na leo yatavuka 200, dereva aliye wa 50 hana sababu ya kusema uwezekano wake wa kuvuka ni theluthi moja, wala dereva wa 580. Wa kwanza anavuka, wa pili analala. Kinachoamua ni mahali lori lilipo kwenye foleni.

Kwa hiyo swali la mwombaji linapaswa kubadilika. Badala ya kuuliza waombaji ni wangapi, aulize: wakipangwa wote kuanzia mwenye alama za juu hadi wa chini, mimi nitakuwa wa ngapi? Ili kulijibu, lazima kwanza tujue foleni hiyo hupangwa kwa kipimo gani.

Mizani mbili za pointi

Mhitimu wa kidato cha sita hukutana na mizani mbili za pointi, na zinakwenda kinyume. Ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani, inayotumika kupanga madaraja. Humo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5. Pointi za masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa, na jumla ndogo ndiyo bora. Daraja la kwanza huanzia pointi 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, na la tatu 13 hadi 17.

Ya pili ni ya udahili, inayotumiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Humo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hapa jumla kubwa ndiyo bora.

Ukizitazama kwa makini utaona kwamba kwa kila alama kuanzia A hadi E, pointi za mizani mbili zikijumlishwa hutoa 6: kwa A ni 1 na 5, kwa B ni 2 na 4, na kuendelea. Masomo ni matatu, na 3 mara 6 ni 18. Hivyo mwanafunzi aliyepata kati ya A na E katika masomo yote matatu anaweza kutoka mizani moja kwenda nyingine kwa kutoa pointi zake kwenye 18. Mwanafunzi wetu wa mfano alisoma PCB, akapata B ya Biolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia. Kwa mizani ya madaraja ana 2 na 2 na 3, yaani daraja la kwanza la pointi 7. Kwa mizani ya udahili ana 18 kutoa 7, yaani pointi 11.

Sasa tunaweza kuona upungufu wa kauli kwamba mwenye daraja la kwanza hakosi. Daraja la kwanza lote, kuanzia pointi 3 hadi 9, likihamishiwa kwenye mizani ya udahili huanzia pointi 15 hadi 9. Ndani ya neno moja mna hatua saba za foleni. Mtu wa pointi 15 na mtu wa pointi 9 wote wana daraja la kwanza, lakini hawasimami mahali pamoja.

Sifa za chini na pointi ya mwisho

Kuna mipaka miwili ambayo mara nyingi huchanganywa. Wa kwanza ni sifa za chini. Huu ni mpaka uliowekwa mapema na kuandikwa. Kwa mhitimu wa kidato cha sita wa miaka hii, sharti la jumla la TCU la kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu mkuu, yaani alama kati ya A na E, katika masomo mawili, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Juu ya sharti hilo, kila programu ina masharti yake: masomo gani yanahitajika, na wakati mwingine alama ya chini kwa kila somo. Haya yote yamo katika mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU, ambao pia huonyesha idadi ya nafasi za kila programu. Kuna mwongozo wa wahitimu wa kidato cha sita, na mwingine wa wenye sifa linganishi, kama vile wahitimu wa stashahada wenye GPA isiyopungua 3.0.

Mpaka wa pili tuuite pointi ya mwisho. Hizi ni pointi za mtu wa mwisho aliyechukuliwa. Mpaka huu hauwekwi na mtu yeyote mapema. Hujitokeza wenyewe baada ya waombaji kupangwa na nafasi kujaa. Anayesema chuo fulani hakichukui watu wa pointi 10 anazungumza kana kwamba hilo ni sharti, ilhali ni matokeo ya mwaka fulani, ambapo waombaji wa pointi za juu zaidi walizimaliza nafasi zote. Mwaka mwingine, wakipungua, wa pointi 10 wataingia.

Sifa za chini hukuruhusu kuingia kwenye foleni. Pointi ya mwisho huonyesha foleni ilikatwa wapi. Mwombaji asipokuwa na sifa za chini, uwezekano wake ni 0, na ada ya maombi itakuwa imepotea. Akiwa nazo, hesabu ndiyo kwanza inaanza.

Hesabu ya waliofungana

Turudi kwenye programu yetu ya nafasi 200. Kati ya waombaji 3,000, tuseme 600 hawana sifa za chini. Wanabaki 2,400. Kati yao, 150 wana pointi 12 au zaidi, 125 wana pointi 11 kamili, na 2,125 waliobaki wana pointi 10 au pungufu.

Tuanze kujaza kutoka juu. Wale 150 wanaingia wote. Zinabaki nafasi 50. Wanafuata wa pointi 11, ambao ni 125. Hapa nafasi zinakwisha, na pointi ya mwisho ni 11. Ikiwa hatujui chuo kitatumia kigezo gani kuwatenganisha hao 125, uwezekano wa kila mmoja wao ni 50 kugawanya kwa 125, yaani 0.4. Wenye pointi 12 na zaidi wana uwezekano wa 1. Wenye pointi 10 na pungufu wana 0.

Ile 0.067 tuliyoanza nayo imegawanyika kuwa namba tatu tofauti kabisa, na haifanani na hata mojawapo. Tofauti ya herufi moja katika somo moja, C badala ya B, imemtoa mtu kwenye uhakika ikamweka kwenye 0.4.

Kufungana namna hii ni jambo la kawaida, na sababu yake ni rahisi. Jumla za pointi zinazowezekana ni chache, 3 hadi 15 kwa aliyepata angalau E katika masomo yote matatu, wakati waombaji ni maelfu. Lazima wengi warundikane kwenye jumla moja. Ndipo kigezo cha ziada huhitajika, kwa mfano alama ya somo lililo muhimu zaidi kwa programu. Kwa hiyo mwombaji mwenye pointi zinazokaribia mpaka asome masharti ya programu neno kwa neno, kwa kuwa hapo ndipo kitu kidogo huamua.

Pointi ya mwisho ya mwaka huu haijulikani

Katika mfano wetu tulijifanya kujua alama za waombaji wote. Kwa kweli hakuna mwombaji anayezijua. Anachoweza kukipata ni habari za miaka iliyopita. Tuseme kwa miaka mitano pointi ya mwisho ya programu hii ilikuwa 10, 11, 11, 10 na 12. Mwanafunzi wetu mwenye pointi 11 angefanikiwaje katika kila mwaka? Katika miaka miwili ya 10, angeingia kwa hakika: 1 na 1. Katika miaka miwili ya 11, angekuwa miongoni mwa waliofungana. Tukitumia kadirio letu la hapo juu, ni 0.4 na 0.4. Katika mwaka wa 12, angekosa: 0. Jumla ni 2.8, tukigawanya kwa miaka 5 tunapata 0.56.

Namba hiyo isomwe kwa kiasi. Miaka mitano ni michache. Kama mwaka mmoja tu kati ya ile ya 10 ungekuwa wa 12, jumla ingeshuka hadi 1.8 na uwezekano hadi 0.36. Kwa hiyo jibu la uaminifu ni kusema "karibu nusu, labda pungufu". Tena, pointi ya mwisho husogezwa na mambo matatu yanayojulikana: ufaulu wa kitaifa wa mwaka huo katika masomo husika, idadi ya nafasi zilizoruhusiwa, na idadi ya wanaoipenda programu. Moja likibadilika sana, historia hupoteza nguvu. Ndiyo maana idadi ya nafasi inapaswa kusomwa katika mwongozo wa mwaka huu.

Kuomba zaidi ya chuo kimoja

Kati ya 2010 na 2016 maombi yalipita katika mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/18, mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa kila chuo. Hivyo anaweza kuomba vyuo kadhaa, na anaweza kuchaguliwa na zaidi ya kimoja. Je, maombi mengi huongeza uwezekano kwa kiasi gani?

Tuseme anaomba udaktari katika vyuo vitatu: Muhimbili, Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia kampasi yake ya afya iliyopo Mbeya, mwendo wa kilometa mia moja hivi kutoka Tunduma. Tuseme kila kimoja kina uwezekano wa 0.5. Haifai kujumlisha, kwa kuwa tungepata 1.5, namba isiyokubalika. Njia sahihi ni kuhesabu uwezekano wa kukosa kote, kisha kuutoa kwenye 1. Kukosa kimoja ni 0.5. Kukosa vyote vitatu ni 0.5 mara 0.5 mara 0.5, yaani 0.125. Kwa hiyo kupata angalau kimoja ni 0.875.

Lakini kuzidisha huko kuna sharti: matukio lazima yawe huru. Matukio mawili ni huru ikiwa kujua matokeo ya moja hakukuambii lolote kuhusu jingine. Sarafu mbili zilizorushwa ni huru. Maombi matatu ya udaktari si huru. Mwombaji ni yuleyule, pointi ni zilezile 11, na washindani ni walewale, kwa kuwa nao wameomba vyuo vilevile. Mwaka ambao ufaulu wa Kemia na Biolojia umepanda nchi nzima, pointi ya mwisho hupanda kote kwa pamoja. Akikosa Muhimbili kwa sababu hiyo, huenda akakosa na kwingine. Kama matukio haya matatu yangefungamana kabisa, uwezekano wa kukosa vyote ungebaki 0.5. Ukweli uko kati ya 0.125 na 0.5, na mwombaji asijipe moyo wa 0.875.

Sasa tulinganishe na mpango mwingine. Mwombaji anaomba udaktari katika chuo kimoja, uwezekano 0.5, na programu nyingine ambayo yuko tayari kuisoma kwa moyo, kama vile ualimu wa sayansi, ambako pointi 11 humweka mbele sana kwenye foleni, uwezekano 0.9. Hata matukio haya mawili yafungamane kiasi gani, uwezekano wa kupata angalau kimoja hauwezi kushuka chini ya 0.9, kwa sababu hilo la pili peke yake linatosha kuufikisha hapo. Maombi mawili yaliyotofautiana yamempa kinga kubwa kuliko matatu yanayofanana. Na kwa kuwa vyuo vingi hutoza ada ya maombi, familia yenye fedha kidogo inafaidika zaidi kwa kuchagua vizuri kuliko kwa kuomba kwingi.

Mfumo wa sasa una tokeo jingine. Mwenye pointi 15 anaweza kuchaguliwa na vyuo vitatu, lakini atasoma kimoja. Ndiyo maana aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo anachokwenda, kwa kutumia namba maalumu anayotumiwa kwa simu. Nafasi anazoziacha huweza kujazwa na wengine katika awamu inayofuata. Hivyo kukosa awamu ya kwanza hakumaanishi uwezekano umekuwa 0, ingawa nafasi zinazobaki ni chache na haziko sawa katika programu zote. Tena, wahitimu wengi huwa kambini JKT kwa mujibu wa sheria katika miezi ya maombi. Ni vyema nakala za vyeti, namba za mitihani na orodha ya machaguo viandaliwe nyumbani kabla ya kuondoka.

Kupata nafasi na kupata ada

Kwa familia nyingi, kudahiliwa ni nusu ya safari. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huombwa kwa maombi yake yenyewe na kwa vigezo vyake. Hapa tunahitaji uwezekano wenye sharti: uwezekano wa kupata mkopo, ikiwa tayari umedahiliwa. Tuseme kwa mwanafunzi wetu huo ni 0.5. Uwezekano wa kupata vyote viwili ni ile 0.56 ya udahili tuliyoipata awali mara 0.5, yaani 0.28. Anayetegemea mkopo kabisa apange kwa namba hii ya pili. Nayo hupanda kwa mambo yaliyo mikononi mwake: fomu iliyojazwa kikamilifu na viambatisho vilivyothibitishwa.

Habari zinazotoka upande mmoja

Bado swali moja: pointi za mwisho za miaka iliyopita tutazijuaje? Wengi huwauliza waliotangulia. Hii ni njia njema, lakini ina kasoro moja. Waliopata chuo hurudi likizo na kusimulia. Waliokosa huenda kwenye shughuli nyingine na hawaulizwi. Mwanafunzi akisikia watu watatu waliopata udaktari kwa pointi 9, hajajua uwezekano wa mwenye pointi 9. Ili aujue, lazima ajue pia wangapi waliomba kwa pointi 9 na kukosa. Watatu kati ya wanne ni 0.75, watatu kati ya sitini ni 0.05. Simulizi ni ileile katika hali zote mbili.

Dawa yake iko ndani ya uwezo wa shule yoyote ya kidato cha tano na sita mkoani Songwe. Mwalimu wa taaluma afungue daftari lenye safu nne: tahasusi na alama za mhitimu, programu na chuo alichoomba, awamu, na jibu alilopata. Majina hayahitajiki. Jambo la lazima ni kuandika wote, waliopata na waliokosa. Baada ya miaka mitano daftari hilo litakuwa na mamia ya mistari, na kila kijana atakayelifungua ataweza kuhesabu waliokuwa na pointi kama zake, wangapi waliomba anakotaka kuomba, na wangapi waliitwa. Atagawanya namba moja kwa nyingine, na atakuwa na kadirio lililotokana na watu wa shule yake mwenyewe.

Kadirio hilo, hata likiwa 0.2, halimzuii mtu kuomba anachokipenda. Linamwambia tu asikiombe peke yake. Na likiwa 0.9, linamkumbusha kwamba katika kila watu kumi wa hali yake, mmoja atakosa bila kosa lolote, hivyo naye awe na chaguo la pili aliloliandaa kwa uangalifu uleule wa la kwanza.